Nyaatha wa Gikondi: Muuguzi Aliyepitia Kilwa

Huko Gikondi, upande wa Mukurweini katika nchi ya Nyeri, wazee walimtaja bibi mmoja wa Kizungu kwa jina la Nyaatha, maana yake kwa Kikikuyu ni mama mwenye huruma. Sisi watu wa pwani jina hilo hatulijui sana, hali bibi huyu alishukia Mombasa, na baadaye akauguza wagonjwa Voi, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam.

Jina lake ni Irene Stefani. Alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1891, katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, Italia. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata mjini Torino, na mapema mwaka 1915 akawasili Kenya. Vita Vikuu vya Kwanza vikampangia kazi.

Kila msomaji anaijua Kariakoo ya Dar es Salaam. Jina hilo ni kumbukumbu ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps, waliochukuliwa na Waingereza kubeba risasi na vyakula vya askari waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Wengi walitolewa Bara, wakiwamo vijana wa miteremko ya Mlima Kenya, wakateremshwa katika joto na matope ya Kilwa na Lindi. Waliokufa upande wa Waingereza wanakisiwa kufikia 95,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na homa, vichomi, na zaidi tumbo la kuhara damu.

Inafaa tuelewe namna maradhi haya yanavyoua. Mpagazi alipewa unga wa mahindi, naye hana kuni wala nafasi ya kuupika ukaiva, akaula nusu mbichi. Tumbo likachubuka. Akanywa maji ya dimbwi, na vijidudu vikapata njia. Vijidudu hivyo hushambulia ukuta wa utumbo mpana, vikautia vidonda. Mtu akatoka damu na makamasi, maji yakamwishia mwilini, macho yakazama. Mara nyingine kidonda hula hata kikatoboa utumbo. Hapo uchafu humwagika katika uwazi wa tumbo, mahali ambapo kwa kawaida hapana kijidudu hata kimoja. Utando mwembamba unaofunika matumbo huvimba na kutunga usaha, tumbo likawa gumu kama ubao, na mgonjwa asitake hata shuka imguse. Nyongo nayo, ikivuja humo, huuchoma utando huo. Na ikichanganyika na vijidudu hatari huzidi. Kisha sumu huingia damuni, na baada ya hapo ni mauti.

Leo daktari atapasua, asafishe, azibe tundu, na kutia dawa za kuua vijidudu. Zama zile dawa hizo hazikuwapo. Penisilini iligunduliwa 1928, na wagonjwa wakaanza kutibiwa nayo mwaka 1941. Kwa hiyo Sista Irene alichokuwa nacho Kilwa ni maji, kitambaa, uji na mikono miwili. Aliwaosha watu waliojichafua, akawanywesha kijiko kwa kijiko, akawafunga vidonda. Alijifunza kusema nao, akayashika majina yao, watu ambao jeshi liliwajua kwa nambari. Husimuliwa kwamba siku moja alikuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu, akaambiwa amekufa na amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Alikwenda mwenyewe, akapekua miongoni mwa maiti, akamkuta angali anavuta pumzi.

Vita vilipokwisha alirudi Bara, na kuanzia 1920 akakaa Gikondi. Miaka kumi alipanda na kushuka vilima vile kwa miguu, akifundisha, akizuru wagonjwa majumbani mwao, na kuwaandikia barua wazazi ambao vijana wao walikuwa mbali wakitafuta kazi. Hapo ndipo alipopewa jina la Nyaatha.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Maradhi haya nayo huletwa na kijidudu, kilichotambuliwa Hong Kong mwaka 1894 na Alexandre Yersin. Hukaa kwa panya, na kiroboto ndiye mjumbe wake. Mtu akishikwa huota mitoki kinenani na makwapani, homa ikampanda. Na yakishuka mapafuni huambukiza kwa kikohozi. Dawa yake ya kwanza ya kutegemewa, streptomaisini, ilipatikana 1943.

Mwalimu mmoja wa Gikondi alishikwa. Nyaatha alikuwa amekwisha kuiona mauti ya namna hii kwa miaka, basi haisemeki kwamba hakujua hatari yake. Alikwenda, akamhudumia mpaka mwisho. Siku chache baadaye akaanguka mwenyewe, na tarehe 31 Oktoba, 1930, akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri. Tarehe 23 Mei, 2015, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri katika ibada iliyofanyika Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa watu.

Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua habari ya tauni ya Amwasi, mwaka wa 18 Hijria, huko Sham. Tulifundishwa kwamba nchi ikiingiwa na tauni, aliye nje asiingie na aliye ndani asikimbie. Abu Ubayda bin Jarrah aliitwa na Sayyidna Umar arudi Madina, akaomba radhi abaki na watu wake, na huko akafa. Huyu wa Gikondi dini yake ilikuwa nyingine na zama zake nyingine. Lakini tauni ilimkuta ndani ya nchi, naye hakukimbia.

Miongoni mwa waliolala katika mahema yale ya Kilwa wamo wengi wasio na kaburi linalojulikana. Walau baadhi yao, saa ya mwisho, walikuwa na mtu wa kuwapa maji na kuwaita kwa majina yao.