Nat Holman: kocha aliyetwaa mataji mawili kwa siku kumi

Mwezi Machi 1950, mjini New York nchini Marekani, timu ya mpira wa kikapu ya City College ilitwaa mataji mawili makubwa ya vyuo vya nchi hiyo ndani ya siku kumi. Hakuna timu ya wanaume iliyowahi kufanya hivyo kabla yake wala baada yake. Miezi 11 baadaye wachezaji watatu wa timu hiyo walikamatwa na polisi kwenye kituo cha treni, wakitoka kushinda mechi.

Kocha wao alikuwa Nat Holman, mtu maarufu kuliko wote katika mchezo huo mjini New York. Leo tunasimulia maisha yake. Simu unayosomea makala hii ndiyo hiyo hiyo ambayo wengi wetu siku hizi tunawekea mikeka, na kilichoiangusha timu ya Holman kilianzia hapo hapo: kwenye kubeti.

Nathan Holman alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1896 katika mitaa ya Lower East Side, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Familia ilikuwa kubwa na mitaa hiyo ilijaa watu kama wao: wageni, maskini, nyumba zimebanana, watoto wanacheza barabarani. Mpira wa kikapu ulikuwa bado mchanga. Ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika jimbo la Massachusetts, miaka mitano tu kabla Holman hajazaliwa. Ni mchezo usiohitaji uwanja mkubwa wala vifaa vingi, kwa hiyo uliwafaa watoto wa mjini. Holman aliucheza tangu utotoni, akaumudu kuliko wenzake.

Mwaka 1919 alikabidhiwa timu ya City College kama kocha mkuu. Wakati huo huo alikuwa mchezaji wa kulipwa. Katika miaka ya 1920 alichezea Original Celtics, timu iliyozunguka Marekani kwa treni na kucheza karibu kila usiku mahali tofauti. Hapakuwa na televisheni, hivyo aliyetaka kuwaona alikwenda ukumbini. Holman hakuwa mrefu sana, lakini alijua kupiga pasi, kuhadaa na kufunga kwa wakati. Watu walimbandika jina la Bwana Mpira wa Kikapu, na inaonekana yeye mwenyewe hakulikataa.

Alikuwa mtanashati, nywele zimechanwa vizuri, suti safi. Mtoto huyu wa mitaa ya wahamiaji alijifunza kuongea Kiingereza cha watu wa juu, kiasi kwamba baadhi ya wachezaji wake waliona wanazungumza na mtu wa tabaka jingine. Walimheshimu. Wengi hawakumzoea. Kazi ya kukaa na vijana, kuwasikiliza na kujua shida zao za nyumbani ilimwangukia zaidi msaidizi wake, Bobby Sand. Jambo hili tunaomba ulikumbuke, maana tutalirudia.

City College chenyewe kilikuwa chuo cha aina ya pekee. Kilianzishwa mwaka 1847 kwa ajili ya watoto wa wasio na uwezo, na hakikutoza ada. Mtoto wa fundi cherehani au wa mchuuzi wa sokoni, akiwa na alama nzuri, alisoma bure. Ndiyo maana wakazi wa New York walikiona kuwa chuo chao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mpira wa vyuo ulishika kasi. Ukumbi wa Madison Square Garden, uliochukua watu wapatao 18,000, ulijaa usiku baada ya usiku. Magazeti yaliandika na wafanyabiashara walivuna. Wachezaji, kwa kuwa walikuwa wanafunzi, hawakulipwa kitu.

Msimu wa 1949–50 Holman alikuwa na kikosi kichanga. Wanne kati ya nguzo zake walikuwa mwaka wa pili tu: Ed Warner, Ed Roman, Floyd Layne na Al Roth. Nahodha wa uwanjani kwa uzoefu alikuwa Irwin Dambrot, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Warner na Layne walikuwa weusi, Roman, Roth na Dambrot walikuwa Wayahudi. Kwa Marekani ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Vyuo vingi vya kusini havikumruhusu kijana mweusi hata kuingia darasani, seuze kuvaa jezi.

Timu ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa imeshinda mechi 17 na kupoteza 5. Si vibaya, lakini si ya kutisha. Wakati huo kulikuwa na mashindano mawili ya mwisho wa msimu: NIT, yaliyoanza mwaka 1938, na NCAA, yaliyoanza mwaka 1939. City College iliingia NIT bila mtu kuitazamia makubwa.

Mechi ya kwanza waliifunga San Francisco, mabingwa watetezi, 65 kwa 46. Kisha ikaja Kentucky. Hii ilikuwa timu ya kocha Adolph Rupp, bingwa wa NCAA mwaka 1948 na 1949, na kikosi chake kilikuwa cha weupe watupu. Inasimuliwa kwamba kabla ya mechi baadhi ya wachezaji wa Kentucky walikataa kuwapa mkono wenzao weusi. Matokeo yalikuwa City College 89, Kentucky 50. Rupp hakuwa amewahi kufungwa namna hiyo. Kwa watu wa Harlem, mtaa wa weusi ulio jirani kabisa na chuo, na kwa Wayahudi wa New York, usiku ule ulikuwa zaidi ya mpira.

Wakaifunga Duquesne 62 kwa 52, na katika fainali ya tarehe 18 Machi wakakutana na Bradley, timu iliyokuwa namba moja nchini. Holman alikuwa mgonjwa, ana homa, lakini alikuja kukaa kwenye benchi. City College ilishinda 69 kwa 61. Warner akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Siku chache baadaye wakaanza NCAA. Waliiponyoka Ohio State kwa pointi moja, 56 kwa 55. Wakaifunga North Carolina State 78 kwa 73. Na fainali, tarehe 28 Machi, katika ukumbi ule ule wa Madison Square Garden, mpinzani alikuwa Bradley tena. City College iliongoza, kisha Bradley wakaja kwa nguvu mpaka tofauti ikabaki pointi moja, 69 kwa 68. Sekunde zikiwa zinakwisha, Gene Melchiorre wa Bradley alikata kuelekea kikapuni kufunga bao la ushindi. Dambrot akamzuia, akaupata mpira, akaurusha mbele kwa Norm Mager aliyekuwa peke yake. Mager akafunga. 71 kwa 68.

Wanafunzi walijaa mitaani, na siku iliyofuata chuo kizima kilikuwa kwenye sherehe. Holman alikuwa na miaka 53, na hapakuwa na kilele kingine juu ya hapo.

Sasa turudi kwenye kamari, na hapa inabidi tueleze kidogo.

Mtu akibeti ni nani atashinda, na timu moja ni kali kuliko nyingine, wote wataweka fedha upande mmoja na biashara haitakwenda. Kwa hiyo wachezeshaji wa kamari walianza kutumia tofauti ya pointi. Walisema, kwa mfano, City College itashinda kwa pointi 8. Aliyeweka fedha kwa City College hapati kitu mpaka timu ishinde kwa zaidi ya 8. Ikishinda kwa 5 tu, aliyeweka dhidi yake ndiye anayekula.

Ubaya wa mpango huu ni kwamba ulimpa tapeli maneno matamu ya kumwambia mchezaji. Hakumwomba apoteze mechi. Alimwomba ashinde kwa pointi chache, akose mpira mmoja hapa, achelewe kukaba pale. Kijana angeweza kurudi nyumbani na ushindi, na bahasha mfukoni, akijiambia kwamba hajamsaliti mtu. Tunadhani hapo ndipo vijana wengi waliponaswa. Walikuwa watoto wa familia zenye njaa, wanajaza ukumbi wa watu 18,000, na usiku wanapanda treni ya chini ya ardhi kurudi kwenye vyumba vya kubanana.

Aliyeufunua mchezo huo alikuwa kijana wa chuo kingine. Mwezi Januari 1951 Junius Kellogg, mchezaji wa kwanza mweusi wa Manhattan College na askari wa zamani, aliahidiwa dola 1,000 ili aharibu mechi. Naye hakuwa na fedha. Akaenda kumwambia kocha wake, na kocha akawaita polisi. Kuanzia hapo mwendesha mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, akaanza kuufuata uzi.

Uzi ulifika City College usiku wa tarehe 18 Februari 1951. Timu ilikuwa inarudi kutoka Philadelphia ilikoifunga Temple. Wapelelezi waliwachukua Ed Warner, Ed Roman na Al Roth. Baadaye akakamatwa Floyd Layne, ambaye polisi walikuta amezificha karibu dola 3,000 kwenye chungu cha maua chumbani kwake. Hakuwa amezitumia ila kidogo tu. Kisha wakafuata Dambrot, Mager na Herb Cohen. Dambrot alikuwa tayari anasomea udaktari wa meno.

Waliokiri walisema wamepunguza pointi katika baadhi ya mechi, zikiwemo za msimu ule ule wa mataji mawili. Mechi za mashindano yenyewe ya Machi 1950 hazikuonekana kuguswa. Ushindi ule ulikuwa halali, na mataji hayajafutwa hadi leo.

Uchunguzi ulienea nchi nzima. Wachezaji 32 wa vyuo saba walihusishwa, katika mechi 86 za kati ya mwaka 1947 na 1950. Bradley walikuwemo, akiwemo Melchiorre yule yule. Rupp alikuwa ametamba kwamba wacheza kamari hawawezi kuwakaribia vijana wake. Mwezi Oktoba 1951 nyota zake wa zamani walikamatwa, na Kentucky ikakosa msimu mzima wa 1952–53.

Salvatore Sollazzo, mfanyabiashara wa vito aliyekuwa akitoa fedha, alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 8 na 16. Warner alipewa miezi sita jela. Wengi wa wenzake walipata vifungo vya nje. Adhabu nzito zaidi ilitoka kwenye ligi ya kulipwa ya NBA, iliyowafungia milango maisha yao yote. Warner na Roman walikuwa na uwezo wa kucheza huko. Hawakucheza hata siku moja.

Je, Holman alijua? Yeye alikana siku zote, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini bodi ya elimu ya juu ya jiji ilichunguza namna timu ilivyoendeshwa, ikakuta kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wameingizwa chuoni kwa rekodi za sekondari zilizochezewa alama. Mwezi Novemba 1952 Holman na Bobby Sand walisimamishwa kazi. Mwaka 1954 bodi ikamfukuza Holman. Alikata rufaa, na kamishna wa elimu wa jimbo la New York akamrudisha kazini mwaka huo huo.

Sisi tunaona swali la kujua au kutojua halimalizi habari. Kocha aliyeweza kuona kosa la mguu la mchezaji kutoka upande wa pili wa uwanja alikaa na vijana hao msimu mzima bila kuona kinachowasumbua. Hapa ndipo ule umbali wake tulioutaja unapoonekana kwa uzito wake. Alikuwa mwalimu wa mchezo, na maisha ya vijana nje ya mstari wa uwanja aliwaachia wengine.

Alirudi kwenye benchi, lakini chuo kilikuwa kimejiondoa Madison Square Garden na kuipunguza timu hadhi. Mechi zilichezwa kwenye kumbi ndogo na vyuo vidogo. Aliacha ukocha mwaka 1960, akiwa na ushindi zaidi ya 420. Mwaka 1964 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu, kwa sifa za uchezaji. Pia alisaidia michezo ya Israel, alikokwenda kufundisha tangu mwaka 1949, nchi hiyo ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Alifariki dunia tarehe 12 Februari 1995, akiwa na miaka 98.

Wachezaji wake walitafuta njia nyingine. Ed Roman alirudi masomoni akawa mwanasaikolojia wa shule. Floyd Layne, yule wa chungu cha maua, alifanya kazi na watoto wa mitaani kwake kwa miaka mingi, akiwafundisha mpira. Mwaka 1974 City College kilitafuta kocha mpya, kikampa yeye. Alikaa kwenye kazi hiyo hadi mwaka 1988, akifundisha katika ukumbi wa chuo ambao leo una jina la Nat Holman.