James de Vere Allen: Aliyeisoma historia ya Amu katika kuta za nyumba

MGENI aingiaye katika nyumba kongwe ya mawe mjini Amu adhuhuri ya Februari, jua likiwa utosini, hupokewa na ubaridi asioutarajia. Hakuna feni wala mtambo wa kupoza hewa. Kuna kuta nene, dari ya boriti na kiwanda kilicho wazi kwa mbingu.

Miongoni mwa wasomi waliojitolea kuzichunguza nyumba hizo kwa dhati ni marehemu James de Vere Allen, mwanahistoria Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1990.

Kabla ya jina lake kuhusishwa na pwani yetu, Allen alikuwa mtafiti wa historia ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kitabu chake kuhusu Muungano wa Malaya kilitoka mwaka wa 1967. Miaka michache baadaye alikuwa Amu, akiwa msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, katika jengo linaloelekea bahari. Huko aliandika mwongozo wa mji ambao wageni wengi waliutembeza mikononi katika vichochoro vya Mkomani.

Vifaa vya nyumba hizo vyote vilitoka karibu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa kisiwani Manda na kuvushwa kwa vyombo. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la kuni. Boriti zilikatwa mikokoni, na makuti yalisukwa kutoka minazini.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi vyenye hewa, hivyo joto hupenya polepole. Ukuta wenye unene wa takribani nusu mita hulimeza joto la mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati ambapo wenyeji wamekwisha kupanda darini kupunga upepo chini ya makuti. Boriti haivuki sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba. Vichochoro navyo ni finyu kiasi kwamba nyumba moja humtilia kivuli jirani yake.

Ufafanuzi huo wa hali ya hewa ulijulikana. Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraq, alichapisha utafiti wake kuhusu mji huo mwaka wa 1975. Allen hakutosheka. Katika makala yake ya mwaka wa 1979 kuhusu nyumba ya Mswahili alidai kwamba mpangilio wake hauelezeki kwa jua na upepo pekee.

Kwa maoni yake, mtu atokaye daka, akapita tekani na kiwanda, kisha misana miwili hadi ndani, hupanda ngazi za faragha na utakaso. Sakafu yenyewe huinuka kidogo kila hatua. Nyuma kabisa ipo nyumba ya kati, mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Chumba hicho kisicho na dirisha kimejengwa, alihisi Allen, kwa ajili ya uzazi na mauti kabla ya kuwa kwa ajili ya ubaridi.

Mwandishi huyu anaona kwamba hoja hizo mbili hazigombani. Ukuta uliomsitiri mzazi ndio huo huo uliomkinga na joto.

Lakini kwa Allen jambo lilikuwa zito zaidi. Waandishi wengi waliomtangulia walizihesabu nyumba hizo kuwa kazi ya wahamiaji wa Kiarabu. Yeye alishikilia kwamba chimbuko la Waswahili ni Afrika, na kwamba maarifa ya ujenzi wao ni yao wenyewe. Nadharia yake kuhusu Shungwaya ilizua ubishi mkali, na wataalamu wengi hawakuikubali. Kwa kweli alizoea kuvuta ushahidi mwembamba mbali kuliko ulivyoweza kwenda.

Kitabu chake kikuu, kuhusu asili ya Waswahili, kilichapishwa mwaka wa 1993, miaka mitatu baada ya kifo chake. Hakuuona mji wa Amu ukiingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Hakuona pia jinsi nyumba nyingi za Mkomani na Shela zilivyonunuliwa na wageni kwa mapumziko, huku baadhi ya wenyeji wakijenga kwa matofali ya saruji na mabati, na kulipia umeme wa kuendesha feni.