Rubani Aliyeanzia Dar es Salaam

Wasomi wenzangu, ukilitaja jina la Roald Dahl hapa chuoni, wengi wanakumbuka vitabu vya watoto: Matilda, na kile cha kiwanda cha chokoleti. Mimi nilimjua kwa mlango mwingine. Nimekulia Buigiri, na mapenzi yangu ya ndege yaliletwa na kitabu chake cha Going Solo cha mwaka 1986, anamosimulia maisha yake huku kwetu na vitani.

Dahl alizaliwa Wales tarehe 13 Septemba 1916, wazazi wake wakiwa na asili ya Norwe. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam, akajifunza na Kiswahili. Vita ilipoanza mwaka uliofuata, akaenda Nairobi kujiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Jamaa alikuwa mrefu, karibu mita mbili, kichwa kikichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo. Hata hivyo, baada ya mafunzo ya saa 7 na dakika 40 tu akaruka peke yake, wanyama wa mbuga za Kenya wakiwa chini yake. Basi, hapo ndipo aliponinasa.

Ndege hazikuwa ngeni Ugogo. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, zikisafiri kati ya London na Cape Town, zilikuwa zikitua Dodoma. Ila mtoto wa Mgogo alizitazama kutoka chini. Vita ilipokolea, vijana wa Tanganyika waliingia KAR, wakapigana kwa miguu hadi Burma. Ninaposoma sifa za marubani nawakumbuka na hao, maana hadithi zao ni wachache walioziandika.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl alikuwa akipeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi namba 80, jangwani kule Misri. Alikuwa ameelekezwa mahali pasipo sahihi. Giza likaingia, mafuta yakapungua, akajaribu kutua mchangani. Ndege ikajipigiza na kuwaka moto. Alijikokota nje fuvu limevunjika, na kwa wiki kadhaa hakuona kabisa.

Mtu wa Buigiri akifika hapo lazima atulie. Kwetu kuna shule ya wasioona tangu 1950, na tumekua tukijua kwamba kutoona si mwisho wa mtu. Dahl alipona, na Aprili 1941 alikuwa Ugiriki akirusha Hurricane, wao wachache dhidi ya Wajerumani wengi. Katika mapigano ya Athens, tarehe 20 Aprili, aliuawa Pat Pattle, mmoja wa marubani hodari kabisa wa upande wao. Baadaye maumivu ya kichwa yalimzidi Dahl, akarudishwa nyumbani.

Sasa sikia. Agosti 1942 simulizi yake ya kwanza ilitoka Marekani katika Saturday Evening Post, na kichwa chake kikadai eti alitunguliwa Libya. Kumbe hakutunguliwa na mtu! Wakati wa vita ushujaa unauzika kuliko maelekezo mabovu. Miaka zaidi ya 40 baadaye, katika Going Solo, akaeleza mambo yalivyokuwa.

Hili linatuhusu. Wengi wetu tunapenda urubani kwa sababu ya sinema na hadithi za vita, na sioni ubaya: moto unahitaji kibiriti. Lakini hadithi hizo hupenda kuficha waliobaki njiani. Kwa hesabu ya Dahl mwenyewe, kati ya vijana 16 wa kundi lao la Nairobi, 13 waliuawa angani ndani ya miaka miwili. Yeye aliishi hadi tarehe 23 Novemba 1990, akafa na miaka 74.

Anayetaka kuruka na aruke, mimi mwenyewe nataka. Ila tuulize kwanza mafuta yapo kiasi gani, na hiyo ramani kachora nani.