Ahmad ibn Majid, rubani aliyehesabu siku za upepo

Mvuvi wa dagaa wa Kirumba au Ukerewe anajua kuwa upepo wa ziwa letu hugeuka ndani ya siku moja. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hurudi ziwani, na dhoruba nyingi huzuka usiku kuelekea alfajiri, saa ambazo yeye yuko majini na taa zake. Kwenye Bahari ya Hindi upepo hugeuka kwa miezi. Leo tunamweleza mtu aliyeiandika miezi hiyo.

Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, leo Ras al-Khaimah huko Falme za Kiarabu, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani. (Neno hilo lilikuwa la vyombo vya baharini kabla ya ndege.) Mafunzo yake mengi aliyatunga kwa mashairi ili mabaharia wayashike kichwani, na shairi moja linahusu njia ya kwenda Sofala, Msumbiji.

Karibu mwaka 1490 alimaliza kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari. Humo alipanga siku za kung'oa nanga kwa kila safari. Kusi huanza Aprili na kuvusha jahazi kutoka pwani yetu hadi India. Lakini Juni na Julai huwa mkali mno, mawimbi yakafunga bandari za magharibi mwa India. Nafasi ipo kabla ya ukali huo, au unapopungua, mwishoni mwa Agosti. Kaskazi hurudisha vyombo kuanzia Novemba au Desemba.

Wengi husimulia kwamba ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi, Aprili 1498. Kumbukumbu za Wareno zinamtaja rubani wa Kigujarati, nasi tunaona hizo zina uzito zaidi. Yeyote yule, alijua siku: walivuka kwa kusi wakafika karibu na Calicut chini ya siku 30.

Kurudi, da Gama aliondoka mwanzoni mwa Oktoba. Kusi ulikuwa umeisha, kaskazi bado. Walikaa baharini karibu miezi 3, fizi zikiwavimba kwa kukosa matunda na mboga, wakafa watu wapatao 30. Walifika Malindi Januari 1499. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli 3, wakaichoma moja.