Nani mkali, msanii au jaji? Maisha ya Georg Rasch, mtu wa vipimo

Chukua mfano huu. Wasanii wawili wamecheza ngoma ileile jukwaani Bagamoyo, usiku tofauti, mbele ya majaji tofauti. Wa Ijumaa kapata alama 14. Wa Jumamosi kapata 11. Nani mkali?

Usijibu haraka. Huenda aliyekuwa mkali ni jaji wa Jumamosi.

Swali hilo lilipata jibu la hesabu kupitia Georg Rasch, Mdenishi aliyefariki mwaka 1980. Leo jina lake linatajwa kila mahali watu wanapopimwa kwa alama, kuanzia mitihani ya shule hadi mashindano ya sanaa.

Mtoto na vitabu vya baba

Rasch alizaliwa Septemba 21, 1901, mjini Odense, Denmark. Nyumbani alikuta vitabu vya trigonometria vya baba yake, hesabu ambazo manahodha wamezitumia miaka mingi kujua chombo kiko wapi baharini. Dogo akazama humo na hakutoka tena.

Mwaka 1930 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kazi ya kudumu ya hisabati ikakosekana. Msomi mzima, mkono mtupu.

Basi akaanza kuwafanyia hesabu watu wengine, hasa madaktari waliokuwa na takwimu wasizojua wazifanyie nini. Katikati ya miaka ya 1930 akaenda London kujifunza kwa Ronald Fisher, bingwa wa takwimu wa zama zile. Aliporudi, akafanya kazi kwa miaka katika taasisi ya serikali ya chanjo na utafiti wa magonjwa mjini Copenhagen.

Watoto waliosumbuka kusoma

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliletewa takwimu za wanafunzi waliokuwa na shida ya kusoma. Wakubwa walitaka kujua kama masomo ya ziada yamewasaidia.

Tatizo likaonekana mapema. Mtoto akiwa mdogo alisomeshwa habari rahisi. Akikua, anapewa ngumu zaidi. Makosa 10 kwenye habari rahisi na makosa 10 kwenye habari ngumu si kitu kimoja. Sasa utajuaje kama kaongezeka?

Rasch akawaangalia watoto waliosoma habari zaidi ya moja. Kumbe kama habari ya pili ni ngumu mara mbili ya ile ya kwanza, inabaki hivyo kwa anayesoma vizuri na kwa anayesoma kwa taabu. Maana yake, ugumu wa habari unaweza kupimwa bila kujali nani kaisoma, na uwezo wa mtoto ukapimwa bila kujali kasoma ipi.

Wazo hilo akalipeleka kwenye majaribio ya akili ya jeshi la Denmark. Mwaka 1960 akalichapisha kitabuni. Kiini chake ni kifupi: nafasi ya mtu kupata jibu inategemea tofauti kati ya uwezo wake na ugumu wa swali.

Chicago wampokea

Mwaka huohuo wa 1960 alialikwa kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Wasikilizaji walipungua siku hadi siku, lakini Benjamin Wright, msomi kijana wa hapo, alibaki hadi mwisho. Wright ndiye aliyeisambaza kazi hiyo na kuhimiza programu za kompyuta za kuifanya.

Rasch akawa profesa wa takwimu Copenhagen mwaka 1962, akastaafu mwaka 1972. Mwaka 1978 David Andrich wa Australia aliipanua njia yake ili ipokee alama za ngazi, kama 1 hadi 5, badala ya kupata au kukosa tu.

Oktoba 19, 1980, Rasch alifariki katika kisiwa cha Læsø. Mwaka uliofuata, 1981, Bagamoyo ikapata Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa.

Mwaka 1989, kutoka Chicago, Mike Linacre akaongeza kitu ambacho mashindano yanakihitaji sana: jaji naye aingie kwenye hesabu. Programu yake inaitwa Facets. Inatazama uwezo wa msanii, ugumu wa kigezo na ukali wa jaji, kila kimoja kwa nafasi yake, vyote kwenye rula moja.

Hata Tanzania tumepimwa hivyo

Mpango wa SACMEQ, unaopima wanafunzi wa darasa la sita kusini na mashariki mwa Afrika, ulitumia njia ya Rasch. Tanzania Bara na Zanzibar zilishiriki, kila moja kwa matokeo yake. Katika awamu ya mwaka 2000, wastani wa wanafunzi wa nchi zote uliwekwa kuwa 500.

Alama zinapangwaje?

Turudi kwa wasanii wetu wawili. Programu inataka data iliyopangwa vizuri. Kila msanii ana namba, kila jaji ana namba, kila kigezo kina namba. Halafu inafuata alama.

Msanii wa 7, jaji wa 2, kigezo cha 1, alama 4: unaandika 7,2,1,4. Basi. Mstari unaofuata ni alama nyingine.

Hapo kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni sifuri. Jaji asipotoa alama, acha wazi. Ukiandika 0 nayo ikawa alama halali kwenye kipimo chako, programu itadhani msanii kaboronga.

Wa pili ni kujumlisha. Ukiingiza ile 14 nzima, umeshapoteza habari ya nani alitoa ngapi na kwa kigezo gani. Ingiza alama moja moja.

Wa tatu ndio unaoumiza. Kama majaji wa Ijumaa hawakumwona msanii yeyote wa Jumamosi, na wa Jumamosi hawakumwona yeyote wa Ijumaa, makundi hayana kamba ya kuyaunganisha. Programu itakwambia data imekatika vipande. Haiwezi kujua kama wasanii wa Ijumaa walikuwa bora au majaji wao walikuwa wapole.

Dawa yake ni kumkalisha jaji mmoja au wawili usiku zote mbili, au majaji wote watazame video chache zilezile na kuzipa alama.

Jaji mkali kwa kila mtu si tatizo kubwa, ukali wake unahesabika na kurekebishwa. Wa kuogopwa ni yule anayeyumba, leo mpole kwa huyu, kesho mkali kwa yule. Programu humwonyesha kwa kuwa alama zake hazitabiriki, ila haiwezi kumnyoosha.

Ndiyo maana ratiba ya majaji hupangwa kabla ngoma haijapigwa. Wakishatawanyika, mmoja karudi Dar es Salaam, mwingine Tanga, hakuna hesabu ya Rasch itakayomwambia msanii wa Jumamosi kama alishindwa kweli au alionewa.