Giorgio Scerbanenco: Aliyekipa kisasi sura ya majonzi

FILAMU ya Kiitaliano iitwayo La morte risale a ieri sera imetimiza zaidi ya nusu karne tangu ilipotoka mwaka 1970, lakini hadi leo inawagawa wanaoitazama. Wapo wanaolalamika kuwa inakwenda taratibu mno kwa filamu ya ujambazi, na wapo wanaoihesabu miongoni mwa hadithi za kisasi zenye uchungu mkubwa kuliko nyingine za wakati wake.

Kiini cha ubishi huo ni mzee mmoja, Amanzio Berzaghi, aliyewahi kuwa dereva wa malori, anayeigizwa na Raf Vallone. Binti yake wa pekee, mwenye umbo la mwanamke mzima lakini akili za mtoto mdogo, anatoweka nyumbani, anaingizwa katika ukahaba na hatimaye anauawa. Polisi wa Milan wanafuata nyayo za wahalifu, lakini baba anawafikia kabla yao.

Mtazamaji ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa mzee huyo hufika mwisho asijue ashangilie au anyamaze. Mwongozaji Duccio Tessari, ambaye awali alijipatia jina kwa filamu za koboi, hakukibuni kitendawili hicho. Alikikuta katika riwaya ya I milanesi ammazzano al sabato, yaani Wamilano huua Jumamosi, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwandishi wake, Giorgio Scerbanenco, aliaga dunia mwaka huohuo.

Wapenzi wengi wa filamu za Kiitaliano za miaka ya 1970 wanawafahamu waigizaji na waongozaji wake. Wachache wanamfahamu mtu huyu, ambaye vitabu vyake vilikuwa chemchemi ya baadhi ya filamu hizo.

Baba asiyerudi

Scerbanenco alizaliwa Julai 28, 1911 katika mji wa Kyiv, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi. Baba yake, Valerian, alikuwa Mukraine na mwalimu wa lugha za kale. Mama yake, Leda, alikuwa Mwitaliano wa Roma. Mtoto alipokuwa bado mdogo, mama alirejea naye kwao Italia.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipoitikisa Urusi, habari za baba zilikatika. Mama na mwana wakafunga safari ndefu kwenda kumtafuta, wakiingia katika nchi iliyokuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walichokikuta ni taarifa kwamba Valerian alikuwa ameshauawa na Wabolsheviki. Hapakuwa na kesi wala mshitakiwa, na hapakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Wakarudi Italia mikono mitupu.

Alipokuwa kijana, walihamia Milan, na haukupita muda mrefu mama naye akafariki dunia. Giorgio akabaki peke yake katika jiji kubwa, bila ndugu wa karibu, bila cheti cha maana cha shule, na akiwa na jina la ukoo lililomtangaza kuwa mgeni kila alipolitaja.

Alifanya kazi zilizopatikana. Alikuwa kibarua, akakereza vyuma karakana, na kwa muda akahudumu katika magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Njaa na maradhi alivijua kwa mwili wake mwenyewe. Usiku alisoma vitabu, falsafa ikiwa miongoni mwa alivyovipenda, na polepole akaanza kuandika.

Mshauri wa wasomaji

Katika miaka ya 1930 alipata nafasi kwenye kampuni za uchapishaji za Milan, akaanza kuandika hadithi fupi katika magazeti ya wanawake. Huko ndiko alikopata riziki yake kwa sehemu kubwa ya maisha. Aliandika hadithi za mapenzi, za koboi na za kisayansi, kwa wingi na kwa kasi iliyowashangaza wenzake.

Riwaya zake za kwanza za upelelezi, kuanzia Sei giorni di preavviso ya mwaka 1940, hazikutokea Italia. Mpelelezi wake, Arthur Jelling, alikuwa mtunza nyaraka wa polisi wa Boston, Marekani. Utawala wa kifashisti wa Benito Mussolini haukupenda raia wasome kwamba nchi yao ina wauaji na polisi wanaoshindwa kuwakamata. Mwandishi aliyetaka usalama aliupeleka uhalifu ng'ambo.

Majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Italia mwaka 1943, Scerbanenco alivuka mpaka na kuingia Uswisi kama mkimbizi. Aliishi huko hadi vita ilipomalizika mwaka 1945, huku akiendelea kuandika.

Baada ya vita aliyasimamia magazeti ya wanawake ya Novella na Bella. Aidha, katika gazeti la Annabella aliendesha safu ya kujibu barua za wasomaji, akitumia jina la Adrian. Katika safu ya namna hiyo watu humwaga yale wasiyoweza kumwambia jirani: msichana aliyetelekezwa, mke anayepigwa, mzazi asiyejua mtoto wake amekwenda wapi. Kwa miaka mingi, barua za watu wa kawaida wa Italia zilipita mikononi mwa yatima huyu wa Kyiv.

Mafunzo hayo yanaonekana baadaye katika riwaya zake. Wahanga wake ni makarani, walimu, washona nguo na madereva, watu wenye anwani na kodi ya nyumba ya kulipa. Si maiti zilizowekwa mezani ili mpelelezi aonyeshe ujanja wake.

Daktari aliyefungwa

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 55, alitoa riwaya ya Venere privata na kumtambulisha Duca Lamberti. Huyu ni daktari aliyefutiwa leseni na kufungwa miaka mitatu kwa kumsaidia mgonjwa mahututi afe. Anapotoka gerezani anapata kazi ya kuwasaidia polisi wa Milan. Hivyo mlinzi wa sheria katika vitabu hivi ni mtu aliyeivunja sheria kwa sababu ya huruma.

Milan ya vitabu hivyo haikuwa jiji la kubuni. Uchumi wa Italia ulikuwa umepanda kwa kasi, maelfu ya watu wa kusini walikuwa wamehamia kaskazini kutafuta ajira viwandani, na fedha mpya zilikuwa zimevuta uhalifu mpya. Septemba 25, 1967, genge la Pietro Cavallero lilipora benki mjini humo kisha likakimbia likifyatua risasi mitaani na kuua wapita njia. Mwaka uliofuata mwongozaji Carlo Lizzani alilifanya tukio hilo kuwa filamu.

Katika Traditori di tutti, iliyotoka pia mwaka 1966, Scerbanenco alikishika kisasi moja kwa moja. Mwanamke kijana kutoka Marekani anakwenda Milan na kuwaua watu waliomsaliti baba yake wakati wa vita. Anafanikiwa na kurejea kwao bila kutiliwa shaka. Kisha, kwa hiari yake, anarudi Italia kujikabidhi kwa polisi. Riwaya hiyo ilimpatia mwandishi tuzo kubwa ya Ufaransa ya vitabu vya upelelezi mwaka 1968.

Hadithi ya binti anayelipia damu ya baba ilitoka kwa mtu ambaye baba yake mwenyewe aliuawa na hakulipiwa. Miaka mitatu baadaye akaigeuza: safari hii baba ndiye analipia damu ya binti. Katika hadithi zote mbili wauaji wanastahili chuki ya msomaji, na katika zote mbili kuwaua hakumrudishi aliyekufa. Berzaghi anabaki na nyumba ileile tupu.

Kutoka kitabuni hadi ukumbini

Oktoba 27, 1969, Scerbanenco alifariki dunia mjini Milan akiwa na miaka 58. Hakuiona filamu ya Tessari. Hakuona pia jinsi mwongozaji Fernando Di Leo, aliyeigeuza I ragazzi del massacro kuwa filamu mwaka 1969, alivyochota tena katika hadithi zake na kutengeneza Milano calibro 9 mwaka 1972, filamu inayohesabiwa leo kuwa nguzo ya aina yake.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Kumbi za sinema za Italia zikajaa makomishna wenye hasira na raia wanaojichukulia sheria mkononi, kama yule anayeigizwa na Franco Nero katika Il cittadino si ribella ya mwaka 1974. Nchi ilikuwa katika miaka ya mabomu, utekaji na mauaji ya kisiasa. Watazamaji walijipanga kukata tiketi, huku wahakiki wengi wakizishutumu filamu hizo kuwa zinashabikia ufashisti na bunduki.

Shutuma hizo ziligusa baadhi ya filamu kwa haki. Hata hivyo, ni vigumu kuzielekeza kwa mtu aliyeanzisha mkondo huo. Scerbanenco hakumwambia msomaji kwamba risasi ni dawa, wala hakumhubiria mzee Berzaghi kuwa angeiachia serikali. Aliwaacha wote wawili mbele ya kitendo kilichokwisha kutendeka.

Tangu miaka ya 1990, tuzo ya riwaya bora ya uhalifu nchini Italia hutolewa kwa jina lake. Mwaka 2018 binti yake, Cecilia Scerbanenco, alichapisha kitabu cha maisha ya baba yake. Vitabu vya Duca Lamberti vimeendelea kuchapishwa upya, na vizazi vipya vya watazamaji vimeigundua filamu ya Tessari na kuanza upya ubishi uleule.

Wanaosema inakwenda taratibu hawajakosea. Inakwenda kwa mwendo wa mzazi anayezunguka jiji akiuliza habari za mwanawe, mwendo ambao Scerbanenco aliujua tangu utotoni, alipoongozana na mama yake kwenda kumtafuta mtu aliyekwisha kufa.