Semmelweis na mikono ya madaktari

Mara nyingi tunasikia kwamba mikrobe fulani za hospitalini hazisikii tena antibiotiki. Tunapowaza jambo hilo tunamkumbuka Ignaz Semmelweis, aliyewaokoa wagonjwa wakati ambapo antibiotiki hazikuwapo kabisa.

Alizaliwa Buda, Hungaria, mwaka 1818. Mwaka 1846 alianza kazi katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa na sehemu mbili za kuzalishia: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka huo, kwa madaktari walikufa wazazi 11 hivi katika kila 100. Kwa wakunga hawakufika 3. Akina mama walijua. Walilia wapelekwe kwa wakunga, na wengine walijifungulia njiani.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za homa ya uzazi. Hapo Semmelweis akaelewa. Wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi! Katikati ya Mei akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini, ileile tuliyoizoea siku za Ebola. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100; Juni wakafa 2 hivi.

Habari ya Oktoba haisimuliwi sana, nasi tunaiona ndiyo kubwa. Mama mwenye saratani ya kizazi iliyotoa usaha alilazwa kitanda cha kwanza. Madaktari walinawa walipoingia tu, wakampima yeye, kisha wakapita kitanda kwa kitanda. Kati ya wazazi 12 walikufa 11. Tangu siku hizo akadai watu wanawe baada ya kila mgonjwa. Mikrobe sugu husafiri vivyo hivyo leo, na ikimfikia mgonjwa ambaye dawa haimsaidii, yuko katika hali ya mama wale wa Vienna.

Wakubwa hawakupenda kusikia kwamba mikono yao iliua. Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa, akarudi kwao Hungaria, na huko pia akapunguza vifo. Tuseme kweli, alikuwa mkali: aliwaandikia wapinzani barua za hadharani zenye maneno mazito. Mwaka 1865 alipelekwa kwa hila katika nyumba ya wagonjwa wa akili Vienna. Hazikupita siku nyingi akafa, tarehe 13 Agosti, akiwa na miaka 47, kwa kidonda kilichooza na kutia sumu damuni.